Altimeta mbili zinasoma sawa, na ndege iko futi 280 chini ya inapodhaniwa: tuzungumze QNH

Bawa la Kushoto (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Humu kila habari ya ndege ikitokea, watu wanakimbilia injini na hali ya hewa. Leo nataka tuongelee kazi inayochukua sekunde tatu kwenye chumba cha marubani na ambayo abiria haioni kabisa: kuweka altimeta, kile kipimo cha kimo cha ndege. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Twende Paris kwanza. Tarehe 23 Mei 2022 Airbus A320 iliyotoka Stockholm inateremka kutua Charles de Gaulle, mvua inanyesha, nje hakuonekani. Altimeta ya kapteni na ya msaidizi wake zinasoma sawasawa. Kompyuta inaonyesha ndege iko kwenye mteremko wake bila kasoro. Rubani hakuona barabara ya kutua hadi kimo cha mwisho cha kuamua, akaamua kupaa tena kama sheria inavyotaka. Ndege ilipofika chini kabisa, altimeta ya redio (inayopima ardhi kwa mawimbi) ilirekodi futi 6 kutoka ardhini, ikiwa bado imebaki karibu kilomita moja na nusu kufika barabara. Futi 6 ni kimo cha mtu mrefu. Mfumo wa kuonya ardhi haukutoa sauti.

Kisa chake ni tarakimu moja. QNH ya uwanja, yaani namba ya mgandamizo wa hewa inayowekwa kwenye altimeta, ilikuwa 1001. Mwongoza ndege akatamka 1011. Marubani wakaipokea, wakairudia 1011, wakaiweka pande zote mbili, na upande wa mnara hakuna aliyeshtuka.

Kwa wasiofahamu: altimeta haipimi umbali wa kwenda chini. Inapima mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye vitundu vidogo ubavuni mwa ndege, halafu inaugeuza kuwa futi. Karibu na usawa wa bahari, hektopaskali 1 (kipimo cha mgandamizo) ni kama futi 28. Mgandamizo wenyewe hautulii, unabadilika kwa siku na kwa mahali. Kwa hiyo lazima uiambie altimeta leo mgandamizo wa usawa wa bahari ni kiasi gani hapa ulipo, na namba hiyo ndiyo QNH. Ukiiweka sawa, ndege ikiwa imeegeshwa Dar altimeta itasoma karibu futi 180, Nairobi itasoma kama 5,330, Addis Ababa 7,600 na ushee. Ukikosea kwa hektopaskali 10, umekosea kwa futi 280. Piga hesabu ya Paris mwenyewe.

Sasa utaratibu wa safari. Kabla ya kuondoka mnaweka QNH kwenye altimeta kuu mbili na ile ya akiba, kisha mnalinganisha na mwinuko wa uwanja mliosimama. Ikipotoka zaidi ya futi 75 hivi, hamwondoki mpaka sababu ijulikane. Mnapaa. Mkifika mwinuko wa mpito (Marekani ni futi 18,000 nchi nzima, Uingereza eneo la London ni 6,000, kila nchi ina wake) mnaachana na QNH na kuweka 1013, yaani stendadi. Kwenye Airbus A320 unavuta kitufe, kwenye Boeing 737 unabonyeza katikati yake. Halafu inakuja sehemu ninayoipenda: mmoja anatamka "stendadi imewekwa, tunapita flaiti levo 105 ... sasa" (FL105, yaani futi 10,500 kwa stendadi), na mwenzake anaangalia kioo chake kwenye hilo "sasa". Bila "sasa" kila mtu anasoma namba kwa wakati wake, na ndege inayopanda futi 2,500 kwa dakika haikungoji.

Kwa nini huko juu wote watumie 1013 hata kama mgandamizo halisi si 1013? Kwa sababu huko juu hakuna mlima wa kugonga, kuna ndege nyingine. Kama saa za wageni wote wa harusi zimechelewa dakika 20 zile zile, wote watafika pamoja. Anga la Afrika tangu tarehe 25 Septemba 2008 ndege zinapishana kwa futi 1,000 tu kati ya FL290 na FL410. Ukiwa na yako 1009 na mwenzako 1013, sehemu ya hizo futi 1,000 umeshaila.

Kurudi chini mnafanya kinyume: mkipita ngazi ya mpito, au mkisharuhusiwa kushuka hadi mwinuko wa chini yake, mnarudisha QNH ya uwanja mnaoendea, mnasomeana tena. Kusahau wakati wa kupanda kunakuvurugia nafasi na ndege nyingine. Kusahau wakati wa kushuka kunakuletea ardhi.

Hoja yangu ni hii. Mafunzo mengi yanakazia kulinganisha: kushoto na kulia zisome sawa. Ni jambo zuri, lakini kulinganisha kunakamata mtu mmoja aliyekosea peke yake. Wote wawili mkilishwa namba moja mbovu, ulinganisho unawapongeza. Paris walilinganisha vizuri tu. Hata ukaguzi wa kimo kwa umbali, ule wa "tukiwa maili 4 tuwe futi kadhaa", usingewaokoa, kwa sababu kimo wanachokikagua kinatoka kwenye altimeta ile ile. Mteremko wa ILS, mfumo wa redio wa kuongoza kutua, ungeonyesha kasoro, maana ni miale inayotoka ardhini na haijali umeweka QNH gani, lakini siku ile ILS ya barabara hiyo haikuwa kazini na walikuwa wanashuka kwa mteremko ambao kompyuta inauchora kwa kutumia altimeta. Walipopaa na kurudi mara ya pili, bado walikuwa na 1011. Safari hii waliona taa za barabara mapema, wakarekebisha kwa macho, wakatua.

Kinga pekee pale ilikuwa namba ya pili kutoka chanzo kingine. Taarifa ya hali ya hewa ya uwanja ilikuwa inasema 1001. Mwongoza ndege akisema 1011, mtu mmoja angetakiwa kuuliza: mbona hazifanani?

Karibuni, nitajibu nikipata nafasi.

---

Mzee wa Pugu Road

Mkuu nondo safi. Swali la mshamba: siku hizi simu yangu tu ina GPS. Nikiwa Dar kwenda Dubai niliibandika dirishani, ikasema tuko futi 36,300 na kitu, wakati kile kioo cha kwenye kiti kinasema 35,000. Nani alikuwa anadanganya?

---

Bawa la Kushoto

Hakuna aliyedanganya, mzee wangu. Kioo cha kiti kilikuonyesha FL350, yaani futi za mgandamizo kwa stendadi 1013. Simu ilikupa kimo halisi. Altimeta imetengenezwa kwa dunia ya kufikirika ambayo usawa wa bahari una nyuzi 15. Ukanda wetu hewa ni ya moto zaidi ya hapo, na hewa ya moto inavimba, kwa hiyo ngazi ile ile ya mgandamizo inakaa juu zaidi. Kanuni ya haraka ya marubani ni asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za tofauti. Nyuzi 10 juu ya stendadi kwenye futi 35,000 zinakupa 1,400 za nyongeza. Simu yako ilikuwa sawa kabisa.

Na ndege zote zilizokuwa eneo lile zilikuwa zimenyanyuliwa hivyo hivyo, ndiyo maana hakuna tatizo. Mmoja akitumia GPS na wengine mgandamizo, hapo ndipo mngegongana.

Baridi inafanya kinyume. Ukienda uwanja wenye nyuzi hasi 30 na milima kuzunguka, unakuwa chini kuliko altimeta inavyosema hata kama QNH ni sahihi. Marubani wanaongeza futi kwenye vimo vya chini kwa kutumia jedwali. Sisi wa joto tunasoma jedwali hilo kwa ajili ya mtihani.

---

Nyangumi wa Kilindini

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu, umeenda Paris ukaruka Nairobi! Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa yaja kutua Nairobi. Ikaruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Marubani wakasikia 5,000. Wakaiweka 5,000, otopailoti ikatii. Sasa uwanja wenyewe uko juu ya 5,300! Walikuwa wameiagiza ndege ishuke chini ya udongo. Walipotoka mawinguni waliiona nchi hiyo hapo mbele, wakavuta, na uchunguzi wa Waingereza ukasema ilibakia kama futi 70 tu. Hiyo waiweka fungu gani?

---

Bawa la Kushoto

Ahsante sana Nyangumi, na nilitakiwa niianze hiyo. Fungu ni lile lile hasa. QNH haikuwa tatizo, lakini watu wawili wenye uzoefu walikubaliana juu ya namba moja isiyowezekana. Kulinganisha kukapita, kila mmoja kaona 5,000 imewekwa, safi. Kilichokosekana ni kuweka namba hiyo kando ya namba nyingine iliyokuwa imechapishwa kwenye ramani mapajani mwao, mwinuko wa uwanja.

Nadhani kuna kitu cha watu wa pwani ndani yake. Ukizoea viwanja vya usawa wa bahari, futi 5,000 ni namba ya kawaida ya kushukia, haikukwaruzi sikio. Kwa aliyekulia Nairobi au Mbeya, "shuka 5,000" inatakiwa imtoe kwenye kiti. Ndiyo maana napenda muhtasari wa kushuka uanze na mwinuko wa uwanja kwa sauti, kabla hata ya barabara gani tunatumia: "Mwanza, futi 3,760 hivi." Ukishaisema, kila namba itakayotamkwa baadaye ina kitu cha kujipima nacho.

---

Kijana wa Ubishi

Sasa mnatuchosha. Ndege ya mabilioni, kwa nini kompyuta isijiwekee hiyo QNH yenyewe?

---

Bawa la Kushoto

Si swali baya ingawa umeliuliza kwa ugomvi. Itatoa wapi? Lazima itumiwe na mtu au mtambo wa ardhini, na mtambo nao unaweza kubeba namba ya saa iliyopita. Kilichoanza kufanya kazi ni kuichunguza badala ya kuiweka. Eneo la London, mitambo ya waongoza ndege wa NATS inasoma kupitia transponda ya ndege (kifaa kinachojibu rada) namba ambayo rubani ameiweka kwenye altimeta, ikiona inatofautiana na ya kwao inamwashia mwongoza ndege alama. Pia kuna programu za ndani ya ndege zinazolinganisha kimo cha GPS na cha altimeta karibu na ardhi, zikiona pengo zinasema. Zote mbili zinaleta chanzo cha pili, na hapo ndipo ninapotaka tufike.

---

Mlinda Mnara

Nipo upande wa pili wa redio, niseme kidogo. Kurudia namba ni kazi ya rubani, lakini kusikiliza anachorudia ni kazi yetu, na hiyo ya pili ndiyo ngumu. Unaporudiwa unasikia ulichokitegemea. Kama mimi ndiye niliyetamka vibaya, rubani akinirudishia kosa langu sauti inakuwa ya kawaida kabisa masikioni mwangu. Ndiyo maana sisi tunaandikisha QNH mbele ya macho na unatakiwa kuisoma kutoka kwenye kioo kila mara, si kutoka kichwani, hata kama umeshaitoa mara arobaini leo.

Jingine linalotusumbua ni wageni wa kutoka nchi za inchi. Marekani, Kanada na Japani wanatumia inchi za zebaki, stendadi yao ni 29.92. Sasa uko Ulaya wakati wa dhoruba, mwongoza ndege anasema "tisa tisa mbili", akimaanisha hektopaskali 992. Mtu aliyezoea inchi anasikia mkia wa 29.92 na kuiweka. 992 kwa inchi ni 29.29. Hapo umeshapoteza futi 600 na redioni kila kitu kimesikika vizuri.

Halafu kuna namba sahihi iliyochacha. Tarehe 12 Novemba 1995, MD-83 ya American Airlines, safari namba 1572, ilikata miti kwenye kilima ikielekea uwanja wa Bradley, Connecticut. Usiku, upepo mkali, mgandamizo unashuka kwa kasi, na namba waliyokuwa nayo ilishapitwa. Walikuwa pia wameshuka chini ya kimo cha chini kinachoruhusiwa, kwa hiyo yaligongana mambo mawili. Ndege ilifika uwanjani, hakuna aliyekufa. Wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, waliwataja marubani kwa kutoomba namba mpya na mwongoza ndege kwa kutoitoa. Naikubali lawama hiyo kwa niaba ya fani.

---

Bawa la Kushoto

Mlinda Mnara, umenisaidia. Niongeze kwenye hiyo 1572 kwamba shirika lile wakati huo lilikuwa linatua kwa QFE, yaani altimeta isome sifuri uwanjani badala ya mwinuko kutoka baharini. Inapendeza ukiisikia, sifuri ni ardhi. Jaribu kuifanya Nairobi: ungehitaji kuweka karibu 830, na altimeta nyingi za zamani dirisha lake haliendi huko chini kabisa. Nyanda za juu zimetuokoa na mjadala huo.

---

Fundi Spana

Mnaongea kama vitundu vya hewa vinajisafisha wenyewe 😀 Oktoba 2, 1996, Boeing 757 ya Aeroperú, safari 603, iliondoka Lima usiku ikiwa na utepe uliobandikwa kwenye vile vitundu wakati wa kuiosha, haukutolewa. Altimeta zikawa zinasema uongo, spidi uongo, maonyo yanapigana. Watu 70 wakafa baharini. Hapo QNH iwe sahihi isiwe, haisaidii. Na hata rubani alipomuuliza mwongoza ndege kimo chake, kilichokuwa kwenye rada kilitoka kwenye mfumo wa ndege ile ile. Ulichosema kuhusu chanzo cha pili: pale mnara ulionekana kama chanzo cha pili na haukuwa.

Jambo la kufurahisha kwa wasiojua: ukiiacha ndege imelala uwanjani Dar bila kugusa altimeta, itapanda na kushuka yenyewe. Saa 4 asubuhi mgandamizo uko juu, saa 10 jioni uko chini, kila siku, mvua au jua. Kama hektopaskali 3, karibu futi 80 na ushee. Mwanafunzi mpya humwambia fundi altimeta mbovu.

---

Bawa la Kushoto

Fundi, hiyo ya Aeroperú umeiweka vizuri kuliko mimi. Chanzo cha pili lazima kiwe na mizizi tofauti.

Na hilo la saa 4 na saa 10 linanipeleka kwenye jambo ninaloliona hatari kwa vijana wetu wanaotoka Dar, Nairobi na Entebbe kwenda kuajiriwa Ghuba na Ulaya. Karibu na ikweta mgandamizo unacheza ndani ya hektopaskali chache tu mwaka mzima. QNH yetu mara nyingi iko jirani na 1013. Ukisahau kutoka stendadi wakati wa kushuka, umekosea futi mia moja au mbili hivi, ILS inakufunika, unatua, hakuna aliyejua, wala wewe. Unaweza kuishi na tabia mbovu miaka bila kudaiwa.

Sasa uko Ulaya Januari, dhoruba imetoka Atlantiki, QNH ni 970. Ukibaki na 1013, altimeta inakuambia futi 3,000 wakati uko 1,800. Au unapanda kutoka London na QNH 990, umeambiwa usimame FL80, umesahau kuweka stendadi: kioo kinasoma 8,000 na wewe uko futi 640 juu ya FL80, mbele ya mtu mwingine. Kitufe ni kile kile, deni ndilo limekua. Ndiyo maana namwambia mwanafunzi asiichukulie 1013 na 1012 kuwa "ni sawa tu", hata siku ambayo ni sawa tu.

---

Binti Kahama

Kaka, naanza shule ya urubani mwakani. Altimeta ya redio si ndiyo suluhisho? Inapima ardhi moja kwa moja.

---

Bawa la Kushoto

Hongera dada. Inapima moja kwa moja kwa mawimbi, kweli, lakini inaanza kuonyesha kuanzia futi 2,500 kwenda chini, na inakupa kimo juu ya kilicho chini yako sasa hivi, si mbele yako. Mbele panaweza kuwa na kilima. Nayo inaharibika: Boeing 737 ya Turkish Airlines ilianguka karibu na Amsterdam tarehe 25 Februari 2009, watu 9 wakafa, baada ya altimeta ya redio ya kushoto kusoma futi hasi 8 hewani na mfumo wa kasi kurudisha injini nyuma ukidhani ndege imeshatua. Itumie kama shahidi. Ukiwa maili 4 kutoka uwanja tambarare ulio usawa wa bahari na redio inasema 1,000 wakati altimeta inasema 1,300, simama hapo, paa, uliza QNH upya.

---

Porini Daima

Sisi wa ndege ndogo za Caravan mbona mmetusahau? Serengeti hakuna mnara wa kunipa hiyo QNH yenu kila kiwanja.

---

Bawa la Kushoto

Hamjasahauliwa, na nyie ndio mnaifanya kiasili. Mkiwa mmesimama Seronera mnajua kiwanja kiko juu ya futi 5,000, namba kamili iko kwenye chati. Zungusha kitufe mpaka altimeta isome mwinuko huo, halafu angalia kidirisha cha altimeta: namba iliyotokea ndiyo QNH ya hapo, kwa saa hiyo. Iandike. Ukifika kiwanja kinachofuata fanya tena na ulinganishe. Zikitofautiana kwa 1 au 2, ni jua limesogea. Zikitofautiana kwa 6, ama umeusoma vibaya mwinuko kwenye chati, ama Fundi Spana ana kazi.

---

Fundi Spana

Mlete Jumatatu. Na asije na utepe.